Gari Lilikuwa Zima Jana

Hoja hizi mmezisikia. Zinatolewa stendi ya Bomang'ombe wakati Noah za Sanya Juu zikisubiri kujaa, zinatolewa kwenye gereji za kando ya barabara ya Arusha, na zinarudiwa na shemeji kwenye simu kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Mwenye gari amebadili plagi mwenyewe nyumbani, na kwa kuwa boneti lilikuwa wazi akasafisha na throto. Amefunga, amewasha, gari limewaka. Lakini likisimama, sailensi haitulii: usukani unatikisika, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na akiachia mafuta ghafla injini inazima. Akiuliza kulikoni, anapewa sababu chungu nzima, na karibu kila sababu inakuja na kitu cha kununua.

Nimezisikiliza sababu hizo kwa makini, maana wanaozitoa si wajinga na baadhi yao wameshika spana miaka mingi. Nitazileta moja moja, nizieleze kama wanavyozieleza wao, halafu nijibu. Ninyi wasomaji ndio waamuzi. Naomba mshike jambo moja ambalo hakuna upande unaolipinga: gari hilo lilikuwa linatulia kabla halijafunguliwa. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika shauri hili, na hoja nyingi nitakazozijibu zinasimama tu pale unapouweka pembeni.

Hoja inayopendwa zaidi huku kwetu inasema tatizo ni mlima. Hewa ya Kilimanjaro ni nyepesi, injini inakosa pumzi, plagi mpya hazijaizoea. Msingi wake una ukweli, na nitaupa haki yake. Uwanja wa ndege wa KIA uko meta 894 juu ya usawa wa bahari, Bomang'ombe iko juu kidogo ya hapo, na geti la Machame liko karibu meta 1,800. Mgandamizo wa hewa Bomang'ombe umepungua kwa takribani sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Pale getini upungufu unakaribia moja ya tano. Enzi za kabureta jambo hili lilikuwa na uzito. Kabureta iliyorekebishwa pwani ilimwaga petroli ile ile kwenye hewa iliyopungua, mchanganyiko ukawa mzito, ekzosi ikatoa moshi mweusi na gari likachoka kwenye mwinuko.

Ila gari tunalolizungumzia ni la nozeli. Lina sensa inayopima hewa inayoingia, ama wingi wake, ama mgandamizo uliomo ndani ya manifodi, na petroli inatolewa kwa kufuata kipimo hicho. Ushahidi wa kwamba mfumo huo unaumudu mlima hauhitaji maabara. Kila Desemba magari kwa maelfu hupanda kutoka Dar es Salaam kuja Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kwa ajili ya Krismasi. Alfajiri yako usawa wa bahari, usiku yamelala kwenye migomba, na asubuhi yanawashwa kwenye baridi yakatulia. Kama kupanda meta elfu na zaidi kwa siku moja hakuvurugi sailensi ya magari hayo, mlima hauwezi kuvuruga ya gari ambalo halijatoka uani. Isitoshe, wanaoleta hoja hii wanajipinga kabla hawajamaliza sentensi. Wanasema mlima umeinyima injini hewa, kisha wanashauri utafutwe mpira unaovujisha hewa ndani. Ugonjwa mmoja hauwezi kuwa wa hewa pungufu na wa hewa ya ziada kwa wakati mmoja. Wachague.

Mahali pekee ambapo mlima unastahili kutajwa ni kwenye kusoma geji ya vakyumu. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa usawa wa bahari, na vinasema injini nzima ikiwa kwenye sailensi isome kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Kila unapopanda takribani meta 300, kipimo kinashuka kwa inchi moja hivi. Kwa Bomang'ombe, basi, toa inchi tatu. Fundi anayesoma inchi 15 hapa na kutangaza kwamba ringi za pistoni zimechoka ameionea injini nzima. Na zaidi ya namba, atazame mshale wenyewe. Ukiwa chini lakini umetulia, mara nyingi kuna hewa inayoingia pasipo njia. Ukidunda kwa mpigo unaojirudia, kuna silinda moja inayokwepa kazi. Hivyo ndivyo mlima unavyoingia kwenye uchunguzi: kwenye usomaji wa kipimo, si kama mtuhumiwa.

Wengine wanalaumu mafuta. Wanasema petroli imechakachuliwa, kwa hiyo safisha tanki, badili chujio, osha nozeli. Sitaicheka hoja hii, kwa sababu nchi hii ina historia yake. Uchakachuaji wa mafuta kwa kuchanganya na mafuta ya taa ulifika mahali EWURA ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Mtu aliyewahi kuharibiwa pampu na mafuta machafu ana haki ya kuogopa. Lakini hoja hii inatakiwa kujibu swali ambalo haijawahi kulijibu: petroli iliyokuwa kwenye tanki Ijumaa jioni, gari likitulia, ni ile ile iliyokuwemo Jumamosi mchana likitetemeka. Kubadili plagi hakugusi tanki. Tena mafuta mabovu hayachagui silinda. Yanapita kwenye reli moja kwenda kwenye nozeli zote nne, na madhara yake yanajionyesha zaidi pale injini inapodaiwa nguvu, kwa mfano ukipanda kutoka njia panda ya Machame na abiria watano. Gari linalotetemeka likisimama, lakini likishika kasi linakwenda bila kulalamika, halina dalili ya petroli iliyochakachuliwa. Kama mwenye gari alijaza mafuta siku ile ile ya kazi, hoja irudi mezani, na nitaisikiliza. Kama hakujaza, ifutwe.

Ipo hoja ya upole, nayo ndiyo inayowaponza watu waangalifu. Inasema: umetoa betri, kompyuta imesahau, endesha tu, itajifunza yenyewe. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Betri ikitolewa, kontroli boksi nyingi, yaani kompyuta za injini, hupoteza marekebisho ziliyojiwekea ya petroli na ya sailensi. Throto ilipokuwa chafu, kompyuta ilikuwa imezoea kuongeza uwazi kidogo ili hewa ipite kwenye ukoko. Ukiusafisha bila kuifutia kumbukumbu, uwazi ule ule unapitisha hewa nyingi mno. Sasa tazameni matokeo ya hali hiyo. Sailensi inapanda. Gari linasimama kwenye mizunguko 1,200 badala ya kuwa kati ya 600 na 800, linanguruma, lakini silinda zote zinafanya kazi. Mara nyingi dakika chache za kuliacha liwake hadi lipate moto, bila kiyoyozi wala taa, kisha mzunguko mfupi wa barabarani, zinatosha kulirudisha. Baadhi ya magari yenye throto ya umeme yanahitaji kufundishwa upya kwa utaratibu maalumu, na utaratibu huo unajulikana.

Mtetemo wa silinda moja isiyochoma ni jambo jingine kabisa. Hakuna kumbukumbu ya kompyuta inayoweza kuziba ufa wa plagi au kuvalisha mpira uliochomoka. Na ushauri wa kuendesha tu unaumiza. Silinda isiyochoma inasukuma petroli mbichi kwenye ekzosi, petroli inakwenda kuungulia ndani ya masega ya kusafishia moshi, na masega yakiyeyuka mwenye gari amenunua tatizo la pili kwa bei kubwa kuliko la kwanza. Kwenye magari mengi yenye mfumo wa kugundua jambo hilo, taa ya injini inayomweka mfululizo ina maana hiyo hiyo: simama. Hivyo kipimo cha hoja hii ni rahisi. Sailensi iliyopanda lakini imetulia, ipe muda. Inayotetemeka, fungua boneti leo.

Naja kwa wale wa bisibisi. Hoja yao: sailensi ni ndogo, iongezwe, kuna skrubu kwenye throto, izungushe mpaka gari litulie. Wana utetezi mmoja wa haki, kwamba enzi za kabureta ndivyo ilivyokuwa na ilifanya kazi. Kwenye throto ya nozeli, skrubu ile ndogo yenye nati ya kuizuia imewekwa kiwandani ili kisahani kisigonge ukuta, na haikukusudiwa kurekebisha sailensi. Ukiizungusha, sensa inayosema kisahani kimefungwa inaanza kutoa taarifa ya uongo, na kompyuta inaacha kujua kwamba mguu umetoka kwenye mafuta. Injini inaongezeka mizunguko, mtetemo unafichwa, silinda iliyokufa inabaki imekufa. Mwenye gari analipa, anaondoka ameridhika, na anapofika Kwa Sadala anagundua kwamba gari halipungui mwendo vizuri akiachia mafuta. Kuna kitu kingine kinachonishangaza. Watu hawa hawa ndio wanaosema magari ya siku hizi ni ya kompyuta, mwenye gari asiguse chochote. Kama kila kitu kinaongozwa na kompyuta, bisibisi inafanya nini kwenye throto?

Kompyuta yenyewe nayo ina mawakili wake, nao wamegawanyika pande mbili zinazopingana. Wa kwanza wanasema: tumepima kwa mashine, haikuonyesha kosa, kwa hiyo injini ni nzima, unatetemeka wewe. Wa pili wanasema: mashine imeandika P0171, mchanganyiko ni mwepesi, kwa hiyo badili sensa ya oksijeni.

Wale wa kwanza wanasahau gari limetoka wapi. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa upimaji kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Magari mengi tunayoendesha hapa yalitengenezwa kuuzwa ndani ya Japani, ambako sheria hiyo haikuwahusu, na mengi ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayasemi lugha ya vile vimashine vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu. Kimashine kinapoandika kwamba hakuna kosa, swali la kwanza ni kama kiliunganika kweli. Je, kilionyesha mizunguko ya injini ikibadilika ulipokanyaga mafuta? Kilionyesha joto la maji? Kama hakikuonyesha, hakikupima. Kwa Toyota nyingi za zamani kuna njia isiyohitaji mashine, ya kuunganisha matundu mawili ya soketi ya uchunguzi kama kitabu cha gari husika kinavyoelekeza, na taa ya injini inahesabu namba ya kosa kwa kumweka.

Wale wa pili wamesoma namba vizuri na kuielewa vibaya. P0171 inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, na kompyuta imeongeza petroli mpaka imefika mwisho wa uwezo wake. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni. Kuibadili sensa kwa sababu imesema mchanganyiko ni mwepesi ni sawa na kumfunga shahidi kwa kuwa ametaja wizi. Anayetaka ukweli aangalie mashine hiyo hiyo inasema nini gari likiwa limesimama, kisha mizunguko ikiwa 2,500. Kama kompyuta inaongeza petroli nyingi kwenye sailensi lakini inaacha kuongeza mizunguko ikipanda, hewa inavuja baada ya sensa ya ea flo, ile inayopima wingi wa hewa mlangoni. Sababu yake inaeleweka: throto ikiwa imefungwa, hewa halali ni kidogo, na tundu dogo linakuwa sehemu kubwa ya jumla; throto ikifunguka, tundu lile lile linamezwa na hewa inayopita mlangoni. Kama upungufu unazidi mizunguko inavyoongezeka, ndipo tutazame pampu na chujio la mafuta. Jaribio hilo halichukui muda wala halinunuliwi dukani.

Na tundu hilo liko wapi? Kwa mtu aliyekuwa anasafisha throto, liko pale mikono yake ilipopita. Bomba la hewa kati ya boksi la ea klina na throto lina klipu mbili. Moja imebaki haijakazwa, au bomba limekaa nusu kwenye mdomo wake na upande wa chini, usioonekana, uko wazi. Mpira mwembamba wa vakyumu ulichomolewa upishe spana haukurudi, au ulirudi na ncha yake iliyokauka ikapasuka. Gasketi ya throto imekunjwa. Zima injini na uvifuatilie kwa kidole, siyo kwa macho tu. Ikiwaka, chupa ya maji ya kupulizia inatosha kwenye maungio ya manifodi, mbali na soketi za umeme: sailensi ikibadilika maji yanapogusa mahali fulani, umepafikia. Petroli isipuliziwe kamwe kwenye injini yenye moto. Nimesikia ushauri huo ukitolewa, na ni ushauri wa kuunguza gari na mtu. Niongeze pia kwamba gari linalopima mgandamizo ndani ya manifodi badala ya kupima hewa mlangoni linaweza lisitetemeke kwa uvujaji kama huu. Sailensi yake hupanda tu, kwa kuwa kompyuta inauona mgandamizo umeongezeka na inatoa petroli ya kulingana nao. Kwa hiyo jua gari lako linapima nini kabla hujashindana na mtu.

Hoja ya plagi na koili nitaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na ukweli na ndiyo inayokula hela nyingi. Inakwenda hivi: umenunua plagi feki, nunua za iridiamu, na kwa kuwa koili zimeshaguswa, badili zote nne, maana zinakufa pamoja. Nakubali sehemu ya kwanza kwa moyo wote. Plagi feki zipo madukani, zimeandikwa majina makubwa, na nyingine zina uchongaji mbaya unaoonekana ukizilaza sambamba na plagi ya zamani. Nakubali pia kwamba koili yenye umri mkubwa inaweza kupasuka mpira wake inapovutwa.

Kisicho na msingi ni neno “zote”. Plagi nne feki za boksi moja zina uwezekano wa kuwa mbaya zote. Koili nne zilizokuwa zinafanya kazi jana haziwezi kufa zote mchana mmoja kwa kuchomolewa tu, na kama zingekufa zote gari lisingewaka. Gari linalowaka na kutetemeka lina silinda moja, pengine mbili, zenye shida. Kazi ya kwanza ni kujua ni ipi, na kazi hiyo ni bure. Injini ikiwa kwenye sailensi, chomoa soketi ya nozeli ya kwanza, sikiliza, irudishe. Halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inadidimia na mtetemo unazidi. Ukichomoa ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Nasema soketi ya nozeli na siyo koili kwa makusudi: koili ikichomolewa injini ikiwaka, petroli inaendelea kwenda kwenye masega, na umeme wa koili unaweza kumpiga mtu. Ukishaijua silinda, zima, hamishia koili yake kwenye silinda jirani, washa, rudia. Tatizo likihama na koili, koili imekufa, inunuliwe moja. Likibaki, hamisha plagi. Likibaki tena, angalia nozeli na waya wake, kisha pima kompresheni. Kwa magari ya zamani yenye nyaya za plagi, kabla ya yote hesabu mpangilio wa nyaya: Toyota za silinda nne huchoma kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, na nyaya mbili zilizobadilishana nafasi hazitarekebishwa na plagi ya bei yoyote.

IST moja hapa Bomang'ombe, ya mwalimu aliyebadili plagi mwenyewe, ilikuwa imeshaandikiwa koili nne na sensa. Kijana aliyeandika karatasi alisema kwa adabu, “Mama, hizi zinakwenda kwa seti.” Kwa jaribio la nozeli, silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa kimya. Soketi ya koili yake ilitoka mkononi bila kubonyeza kufuli. Siku ile ilisukumwa, lakini haikulia ilipofika mwisho. Plagi ilipotolewa, kwenye kauri nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kuanzia juu hadi kwenye nati, na pembeni yake ufa ambao haukuonekana hadi plagi ilipozungushwa kwenye mwanga. Spana ya boksi ilikuwa imeinama wakati wa kukaza, ikaipasua kauri, na umeme ukapata njia fupi ya kwenda kwenye chuma bila kufika kwenye ncha. Mpira wa koili ulikaguliwa, haukuwa na alama ya kuungua. Plagi moja ikabadilishwa, soketi ikasukumwa mpaka ikalia, na injini ikatulia pale pale. Koili tatu zilizokuwa kwenye karatasi hazikuwa na kosa lolote. Ya nne pia.

Kuhusu iridiamu, jibu ni fupi. Plagi ya iridiamu hudumu muda mrefu zaidi; haiponyi kosa la kufunga. Cha kuzingatia ni namba. Kwenye plagi ya Denso iliyoandikwa K16R-U11, namba 11 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.1 kati ya ncha. Plagi ikidondoka sakafuni nafasi hiyo inajibana, na plagi iliyodondoka isifungwe kabla haijapimwa. Angalia pia shimo lenyewe: likiwa na oili, tatizo ni sili ya tapeti kava, na plagi yoyote utakayoweka humo itaogelea.

Kuna wanaosema ni mauntini, zile raba zinazobeba injini. Mauntini mbovu hutikisa gari, ni kweli, lakini haibadilishi mizunguko ya injini. Mshale ukiwa umetulia kwenye 700 na gari linatikisika, angalia mauntini. Mshale ukicheza, iache kwanza. Plagi na mauntini havikutani popote.

Mwisho wa orodha yao ni kontroli boksi, na hapa ndipo mwenye gari anapotakiwa kuketi chini kabla hajajibu. Hoja inasema: tumebadili kila kitu, bado, kwa hiyo ni kontroli boksi, ipo ya kutoka Japani. Namna hoja hii ilivyojengwa ndiyo udhaifu wake. Haielekezi kosa lolote lililoonekana kwenye kontroli boksi. Inaielekezea kidole kwa kuwa imebaki peke yake, baada ya vitu vingine kununuliwa bila kupimwa. Kontroli boksi zinakufa, sikatai, hasa zilizoingiwa na maji au zilizounganishiwa betri kinyume. Kama mwenye gari aligeuza nyaya za betri siku ile, aseme, na hoja itapata nguvu. Vinginevyo, kabla ya kuihukumu, fundi umeme apime kama inapata volti 12 na ethi safi, na apime kwa taa ya majaribio kama inatuma ishara kwenye nozeli ya silinda iliyo kimya. Ishara ikiwepo, hoja ya kontroli boksi inadhoofika sana. Na boksi iliyotumika, kwa magari yenye ufunguo wa chipu, inaweza isiwashe gari kabisa kwa kuwa haiujui ufunguo wako. Aliyekuja na gari linalotetemeka ataondoka kwa kuvutwa. Wasomaji, iwekeni hoja hii karibu na ile ya awali. Kijiwe kile kile kiliwaambia kwanza kwamba kompyuta ni nzima na itajifunza, na sasa kinawaambia kompyuta hiyo imekufa. Kilichobadilika katikati ni hela iliyobaki mfukoni mwa mteja.

Inabaki hoja iliyo nyuma ya zote, ambayo mara nyingi husemwa kwa kicheko: haya ndiyo malipo ya ujuaji, gari ni la fundi, mwenye gari asiguse. Nitaieleza kwa haki. Kuna kazi ambazo mtu asizifanye nyumbani bila kufundishwa, nami nasimama na mafundi kwenye hilo: breki, mpira wa mafuta wenye presha, mkanda wa taimingi. Kosa la hapo linaua mtu au injini. Lakini plagi na throto haziko kwenye kundi hilo. Ni matengenezo ya kawaida, na makosa yake, kama tulivyoona, ni yale yale machache: soketi isiyolia, klipu isiyokazwa, mpira uliosahauliwa, kauri iliyopasuka, nyaya zilizobadilishana, betri iliyotolewa. Yote yako mahali ambapo mkono ulifika, na yote yanaonekana na mtu anayerudi kwa utaratibu pale alipoanzia. Mwalimu wa IST hakukosa elimu ya kompyuta. Alikosa mtu wa kumwambia arudie kazi yake kinyumenyume, kitu kimoja kimoja, kabla ya kununua chochote.

Na kama ujuaji ni kubadili vitu bila ushahidi, basi orodha ya koili nne, sensa, skrubu na kontroli boksi ndiyo ujuaji wenyewe. Fundi aliyefunzwa vizuri, awe ametoka VETA au ameinuliwa na fundi mkubwa gerejini, hafanyi hivyo. Anauliza kwanza nini kilifunguliwa, anatafuta silinda iliyo kimya, kisha ndipo anataja kipuri. Mafundi wa namna hiyo wapo Bomang'ombe na Moshi, na hoja ninazozipinga zinawaharibia jina wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, piga picha ya injini kabla hujafungua, fungua ikiwa baridi, na usitupe plagi za zamani. Zirudishe kama jaribio la kwanza endapo mpya zitakusumbua. Ukiishia gerejini, sema ukweli wote wa ulichogusa. Na ukiambiwa koili imekufa, omba ihamishiwe silinda nyingine mbele ya macho yako kabla hujatoa hela.